Umeme ndani ya balenieri: jinsi ya kuongeza betri na plaki ya jua bila kutupa makuta

Kalemie iko kando ya ziwa, na kwa watu wengi barabara kubwa ya mkoa wa Tanganyika ni maji. Anayekwenda Moba, Baraka, Uvira ao ng'ambo Kigoma, mara nyingi anapanda boti ya mbao, ile tunaita balenieri. Kutoka Kalemie mpaka Uvira ni zaidi ya kilomita 280 kwa mstari ulionyooka, na boti inayosimama bandari kwa bandari inaweza kulala njiani. Watu wanapika ndani, wanalala ndani, wanafanya biashara ndani. Ni nyumba inayotembea, na nyumba hiyo haina waya wa SNEL.

Zamani mwanga wa boti ulikuwa torshi na taa ya petroli. Siku hizi msafiri anataka simu yake iwe na chaji, mama wa biashara anataka mahali pa baridi pa kuweka samaki, kapiteni anataka kifaa cha GPS na redio. Kwa hiyo wenye boti wanaongeza: betri moja zaidi, plaki moja zaidi, konvertiseri moja zaidi. Kiisha miezi michache betri zote zinakufa pamoja, mwenye boti anasema fundi ni mwizi, fundi anasema bidhaa ni mbaya. Mara nyingi kosa ni hesabu ambayo haikufanywa tangu mwanzo, ao waya mwembamba ambao hakuna mtu aliyeuangalia.

Makala hii inaeleza jinsi mtambo mdogo wa jua unavyofanya kazi ndani ya boti, na nini kifanywe kwanza kama mtu anataka kuukuza.

Si raha tu, ni usalama

Desemba 2014, boti Mutambala ilizama katika ziwa Tanganyika na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Wakaaji wa Kalemie wanajua vizuri hatari za ziwa hili: upepo wa ghafla, mzigo uliopita kiasi, safari za usiku. Hakuna betri inayoweza kusimamisha upepo ao kupunguza mzigo. Lakini boti isiyo na taa usiku haionekani na boti nyingine, na kapiteni mwenye simu iliyozimika hawezi kuita msaada hata kama mtandao uko.

Upande wa pili, umeme uliofungwa vibaya ni hatari yenyewe. Boti hizi ni za mbao, na zinabeba bidoni za esansi na mazutu. Waya uliochoka karibu na bidoni unatosha kuwasha moto katikati ya maji, ambako hakuna pa kukimbilia. Ndiyo sababu hesabu na kazi safi hazipaswi kuachwa kwa "tutaona mbele".

Kwanza hesabu, kiisha soko

Kila chombo kinakula umeme. Kipimo cha nguvu yake ni wati. Ukizidisha wati kwa saa ambazo chombo kinafanya kazi, unapata wati-saa. Ampuli ya wati 7 ikiwaka saa 6 imekula wati-saa 42.

Tuchukue boti moja ya kawaida, kwa usiku na mchana mmoja:

- Ampuli 6 za LED za wati 7, saa 6: wati-saa 252
- Taa 3 za usalama, nyekundu, kijani na nyeupe, wati 3 kila moja, saa 11: wati-saa 99
- Simu 20, kila moja wati-saa 20 hivi: wati-saa 400
- Redio ya wati 10, saa 8: wati-saa 80
- GPS ya wati 10, saa 12: wati-saa 120

Jumla ni wati-saa 951, tuseme 950 kwa siku. Angalia vizuri: simu za abiria ndizo zinakula kuliko taa zote pamoja. Mwenye boti anayesema "mimi niko na taa tu" hajahesabu simu.

Umeme mwingine unapotea njiani, katika waya, katika regilateri, na ndani ya betri yenyewe. Ongeza asilimia 20. Sasa tunahitaji kama wati-saa 1,140 kutoka kwa jua kila siku.

Plaki ya wati 100 haitoi wati 100 mchana kutwa. Asubuhi inatoa kidogo, saa sita inatoa nyingi, jioni inashuka. Mafundi wanahesabu "saa za jua kamili". Kwa Kalemie, hesabu ya saa 4 ni ya mtu mwenye akili: siku za kiangazi utapata zaidi, siku za mvua na mawingu utapata chini yake. 1,140 gawanya kwa 4 ni 285. Kwa hiyo boti hii inahitaji plaki za wati 300 hivi.

Wengi wanafanya kinyume. Wanaona plaki sokoni, wanainunua, wanaifunga, halafu wanaanza kuuliza kwa nini taa zinazimika saa nane ya usiku.

Plaki: soma volti, usisome wati tu

Hapa ndipo makuta mengi yanapotea. Sokoni kuko plaki za aina mbili kubwa. Kuko ndogo za kazi ya volti 12, ambazo zinafanya kazi kwenye volti kama 18. Kuko pia kubwa za nyumba, za wati 300 na kupita, ambazo nyingi zinafanya kazi kwenye volti 30 mpaka 40. Zile kubwa mara nyingi zinaonekana bei nzuri ukigawanya kwa wati.

Kati ya plaki na betri panakaa regilateri, kile kisanduku kinacholinda betri isichajiwe kupita kiasi. Regilateri nayo iko ya aina mbili. Ile ya bei ya chini, PWM, inaunganisha plaki na betri moja kwa moja na kukata inapobidi. Ile ya bei ya juu, MPPT, inabadilisha volti za juu kuwa ampea nyingi zaidi.

Chukua plaki ya wati 330 inayofanya kazi kwenye volti 37. Ampea zake ni kama 8.9. Ukiifunga kwa regilateri ya PWM na betri ya volti 12, volti inalazimishwa kushuka mpaka 13 hivi, lakini ampea zinabaki zilezile 8.9. Zidisha: 13 mara 8.9 ni wati 116. Umelipa wati 330, unatumia 116. Zingine zote zinapotea, na plaki haina kosa lolote.

Kanuni ni rahisi: plaki ya volti 18 inaweza kwenda na PWM, plaki kubwa ya nyumba inahitaji MPPT. Na kabla ya kufunga, angalia volti ya juu kabisa ambayo regilateri inaweza kuvumilia. Imeandikwa nyuma yake. Ukiipita, regilateri inaungua.

Ukubwa wa regilateri nao unahesabiwa. Wati 300 gawanya kwa volti 12 ni ampea 25. Nunua ya ampea 30, si ya 10 kwa sababu "itatosha tu".

Je, utajuaje plaki ya uongo? Tumia mita ya fundi seremala. Jua kali la saa sita linaleta kama wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Plaki nzuri inageuza kama asilimia 20 ya jua hilo, kwa hiyo mita moja ya mraba inatoa kama wati 200. Plaki yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita haiwezi kuwa ya wati 300, hata kama imeandikwa kwa herufi za dhahabu. Itatoa 100, basi.

Kuhusu kufunga: Kalemie iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo plaki iliyolala juu ya paa la boti inafanya kazi vizuri. Inyanyue kidogo tu ili mvua ioshe vumbi, na acha nafasi ya vidole kadhaa chini yake ili hewa ipite. Plaki ikipata moto sana nguvu yake inashuka. Kivuli nacho ni adui: kamba moja, nguo iliyoanikwa ao mlingoti unaotupa kivuli juu ya sehemu ndogo unaweza kupunguza sana umeme wa plaki nzima. Na usisahau upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi. Plaki iliyofungwa kwa waya wa kufungia makaa itaenda na mawimbi. Itumie boliti.

Betri: ampea zilizoandikwa si ampea unazoweza kutumia

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Hiyo ni karatasi. Betri ya asidi, ile nzito yenye madini ya risasi ndani, haipendi kumalizwa. Ukiitumia zaidi ya nusu kila usiku, inazeeka haraka sana. Kwa hiyo katika zile 1,200, zako ni 600.

Betri ya gari ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha motere, kiisha kujazwa tena mara moja. Ukiifanyisha kazi ya taa usiku kucha, inaweza kufa ndani ya miezi. Kama ni ya asidi, tafuta iliyotengenezwa kwa kazi ya jua, ile inayovumilia kushuka na kupanda.

Siku hizi betri za lithiumu zimefika sokoni. Aina inayofaa boti ni lithiumu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Ni aina inayovumilia joto kuliko lithiumu zingine. Unaweza kutumia asilimia 80 ya nguvu yake kila siku, na inaweza kujazwa na kumalizwa mara 2,000 na zaidi, wakati ya asidi, ikitumiwa nusu, mara nyingi inafika mara mia chache tu. Kumbe lithiumu yenyewe iko hapa kwetu: Manono, katika mkoa huu wa Tanganyika, kuna moja ya akiba kubwa za lithiumu ya mawe duniani. Lakini betri inayouzwa Kalemie imetoka mbali, na bei yake inaonyesha safari hiyo.

Turudi kwenye boti yetu. Inakula wati-saa 950 kwa siku. Mwenye boti anataka ivumilie siku mbili za mawingu, yaani wati-saa 1,900.

- Kwa asidi, kwa sababu unatumia nusu tu, unahitaji 3,800. Gawanya kwa 12: ampea-saa 317. Kwa kweli ni betri 4 za ampea-saa 100.
- Kwa lithiumu, kwa asilimia 80, unahitaji 2,375. Betri moja ya ampea-saa 200 inatosha.

Betri 4 za asidi zinapita kilo 100. Ile moja ya lithiumu ni kama kilo 25. Tofauti hiyo ni uzito wa mtu mzima. Katika boti, kila kilo inahesabiwa.

Bei ya kununua ya lithiumu iko juu, hakuna kuficha. Lakini mwenye boti asilinganishe bei ya siku ya kwanza peke yake. Achukue bei, aigawanye kwa miaka ambayo betri itaishi. Kama betri za asidi zitabadilishwa mara tatu wakati ile moja bado inafanya kazi, hesabu inageuka. Na kama makuta hayatoshi, asidi nzuri iliyohesabiwa vizuri ni bora kuliko lithiumu ya uongo.

Kwa kutambua betri ya uongo, tumia mizani. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 mpaka 30. Ukiona imeandikwa ampea-saa 200 na kijana anainyanyua kwa mkono mmoja, ndani hakuna madini ya kutosha.

Mambo matatu ya kutofanya. Usichanganye betri ya zamani na mpya. Ya zamani itavuta mpya chini, na utapoteza zote. Usichanganye asidi na lithiumu kwenye waya mmoja. Na usibadilishe asidi kwa lithiumu bila kubadilisha mpangilio wa regilateri: regilateri zingine za asidi kila mara zinapandisha volti juu kwa makusudi ili kuamsha betri, na lithiumu haitaki hivyo. Kama regilateri haina nafasi ya kuchagua lithiumu, tafuta nyingine.

Kuko pia jambo ambalo wauzaji wanasahau kusema. Betri ya asidi ikiisha, taa zinafifia polepole, mtu anaona. Lithiumu haitoi dalili hiyo. Volti yake inabaki karibu palepale, halafu kifaa cha ulinzi ndani yake kinakata, na boti nzima inaingia giza kwa mara moja. Kwa hiyo taa za usalama na GPS ziwe na betri yao ndogo ya pembeni, ambayo haichaji simu ya mtu yeyote.

Waya mwembamba ni mwizi

Katika volti 12, waya una maana kuliko nyumbani. Chombo cha wati 120 kwenye volti 220 kinavuta ampea nusu tu. Kwenye volti 12 kinavuta ampea 10. Ampea nyingi katika waya mwembamba zinageuka kuwa joto.

Tuseme betri iko nyuma na frigo iko mbele, mita 8. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 16 za waya. Kwa ampea 10, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba unapoteza zaidi ya volti 1. Betri ina 12.4, frigo inapata 11.3, na inakataa kuwaka. Mwenye boti anasema betri imekufa, ananunua mpya, na shida inabaki palepale. Waya wa milimita 6 za mraba unapoteza kama nusu volti tu, na frigo inawaka kwa betri ileile ya zamani.

Angalia pia waya ni wa shaba kweli. Kuko nyaya za aluminiamu zilizopakwa rangi ya shaba. Kwangua kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, siyo shaba.

Kiisha fuzibo. Iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, si upande wa pili wa boti. Kazi yake ni kulinda waya: waya zikigusana, fuzibo inakatika kabla mbao hazijashika moto. Kuweka msumari ao karatasi ya sigara mahali pa fuzibo ni sawa na kuondoa ulinzi wote. Viungo visokotwe kwa mkono na kufungwa kwa skochi? Hapana. Boti inatikisika kila saa, kiungo kinalegea, kinapata joto. Tumia vituo vya kubana kwa skrubu, na kila mwezi vikazwe upya.

Betri ya asidi inapochajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Isifungiwe katika sanduku lisilo na matundu, na isikae chumba kimoja na bidoni za esansi. Ifungwe chini kwa mkanda, isilale ubavu wakati wa mawimbi.

Motere nayo inaweza kuchaji, lakini kwa utaratibu

Boti zenye motere ya mazutu ya ndani mara nyingi ziko na altaneta, na hiyo ni chanzo kizuri cha umeme siku za mawingu. Motere ndogo za nje, zile za kufunga nyuma, zingine hazina mfumo wa kuchaji kabisa, na zenye mfumo zinatoa ampea chache. Soma karatasi ya motere yako.

Kanuni ya kwanza: betri ya kuwasha motere isiguswe na simu wala taa. Ikae peke yake. Boti iliyomaliza betri ya kuwasha katikati ya ziwa, upepo ukianza, iko katika hatari ya kweli.

Kanuni ya pili: lithiumu inavuta ampea nyingi sana ikiwa tupu. Ukiiunganisha moja kwa moja na altaneta, altaneta inaweza kuungua. Katikati yake kiwekwe chaja inayopunguza, ile ya betri kwenda betri.

Frigo, kongelateri na konvertiseri

Konvertiseri inageuza volti 12 kuwa 220. Watu wanaipenda kwa sababu kila chombo cha nyumbani kinaingia. Lakini inakula hata kama hakuna kitu kimeunganishwa, na inapoteza sehemu ya umeme kila saa. Kuchaji simu kwa kupitia konvertiseri ni kubadilisha 12 kuwa 220 halafu kuirudisha kuwa 5. Tumia vichaji vya USB vya volti 12 moja kwa moja.

Frigo ndogo ya volti 12 yenye kompresa, katika joto letu, inaweza kula kama wati-saa 600 kwa siku. Ukiiongeza kwenye boti yetu, mahitaji yanapanda kutoka 950 mpaka 1,550, na plaki kutoka wati 300 mpaka karibu 480. Betri nazo ziongezwe kwa kiasi hicho. Kongelateri ya nyumbani ni mbaya zaidi: wakati wa kuanza, motere yake inavuta nguvu mara kadhaa kupita ile iliyoandikwa, na konvertiseri ndogo inakata ao inaungua. Kwa samaki wa safari fupi, sanduku nene lenye barafu bado linashinda kwa bei.

Na volti 220 juu ya mbao zenye maji inaweza kuua. Volti 12 inaweza kuwasha moto. 220 inaweza kuua mtu aliyeloa. Kama si lazima, usiiweke.

Wavuvi wa ndagala na wenye kamiyo

Mvuvi wa usiku hesabu yake ni fupi zaidi. Usiku wa giza bila mwezi anahitaji taa za kuita ndagala. Wengi wameacha taa za petroli za kupampu na kuchukua LED na betri. LED ya wati 10 ikiwaka saa 10 ni wati-saa 100. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ina 84 tu, na nusu yake ni 42. Ndiyo maana inakufa ndani ya muda mfupi. Betri ya ampea-saa 20 ya asidi inafika kwa shida. Ile ya lithiumu ya ampea-saa 12 inafika na kubaki kidogo.

Wenye kamiyo wa njia za Nyunzu na Moba, ambao nao wanalala barabarani, wakumbuke kwamba kamiyo nyingi ziko na volti 24, betri mbili mfululizo. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili kunaiacha moja inachoka na nyingine inachajiwa kupita kiasi. Zote mbili zinakufa. Tumia kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, ao weka betri ya pembeni na plaki yake.

Betri iliyokufa si takataka ya kawaida

Betri ya asidi ina risasi, si ile ya bunduki, ni yale madini mazito ya kijivu. Yana sumu inayoharibu akili ya mtoto, na haionekani kwa macho. Kuyayeyusha nyumbani, hata kwa kutengeneza vizito vya nyavu, ni kuweka moshi wa sumu katika chakula cha familia.

Mifano iko. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 katika mahali ambapo watu walikuwa wanachambua betri za zamani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, Kenya, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha wakaaji, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi uliopiganiwa tena mahakamani kwa miaka iliyofuata. Kwa hiyo betri ya zamani iuzwe nzima, bila kupasuliwa. Asidi isimwagwe ziwani ambako watu wanachota maji ya kunywa.

Kama makuta ni kidogo, anza hivi

Si lazima kufanya yote siku moja. Lakini mpango una maana, kwa sababu kila hatua inasaidia inayofuata.

Kwanza, badilisha ampuli zote kuwa LED. Ni bei ya chini na inapunguza mahitaji mara moja.

Pili, rekebisha waya, weka fuzibo, tenga betri ya motere na betri ya matumizi.

Tatu, ongeza plaki na regilateri inayolingana nazo. Hii iwe kabla ya betri. Ukiongeza betri juu ya plaki ndogo, hakuna betri itakayojaa, na betri ya asidi isiyojaa kwa wiki nyingi inaharibika yenyewe.

Nne, ndipo ununue betri, zote siku moja, aina moja, ukubwa mmoja.

Tano, kama bado unahitaji, frigo. Konvertiseri iwe ya mwisho.

Nunua pia mita ndogo ya kupima volti. Betri ya asidi iliyopumzika saa kadhaa bila kutumika ikionyesha 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, na hapo simu za abiria zisimame. Chini ya 12 unaiua. Kwa lithiumu volti haisemi mengi, kwa hiyo ni vizuri kuweka kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Na kabla boti haijaacha bandari, kapiteni akague mambo manne: taa za usalama zinawaka, betri ya motere iko pembeni na imejaa, fuzibo ni ya kweli, na hakuna bidoni ya esansi karibu na betri. Ni kazi ya dakika tano. Abiria nao wana haki ya kuuliza, kabla ya kulipa nauli.